Saba Alisamehe, Baba Akarudi Nyumbani

Mtu mtulivu kuliko wote katika A Girl in the River: The Price of Forgiveness ni yule aliyetaka kuua. Hapandishi sauti wala haangalii chini. Anaieleza kamera, kama fundi anayekueleza kwa nini ilibidi abomoe ukuta, kwamba alimlea binti yake kwa jasho, akamlisha, akamvisha, na binti akamlipa kwa kwenda kuolewa na kijana aliyejichagulia mwenyewe. Hajutii. Hilo halizungushi.

Sharmeen Obaid-Chinoy, mwelekezi wa filamu, habishani naye. Anamwacha aongee mpaka amalize. Nimetazama filamu nyingi za hali halisi kuhusu wanawake waliouawa au walionusurika, nyingi zikiwa na ile piano ya huzuni na msimulizi wa kunong'ona, na karibu zote humleta muuaji kama kivuli: picha ya polisi, jina, miaka aliyofungwa, basi. Hii inamketisha. Inataka umsikilize. Na ukimsikiliza unagundua kitu kinachotisha kuliko hasira, kwamba huyu mzee hana kichaa, hana pepo, hajalewa. Ana hesabu zake, na kwake zinalingana.

Filamu yenyewe ni ya dakika 40 tu. Ilitoka 2015 na ikashinda Oscar Februari 2016 kwenye kitengo cha filamu fupi za hali halisi. Obaid-Chinoy tayari alikuwa na Oscar nyingine, ya Saving Face, kuhusu wanawake wa Pakistan waliomwagiwa tindikali usoni. Najua 2016 ni zamani. Kwa wengine wenu mlikuwa bado shule ya msingi. Lakini tuna mazoea ya kusema sanaa huleta mabadiliko, tukapiga makofi, tukatoka, bila kukaa tuone hayo mabadiliko yalifika wapi. Hii ni filamu ambayo watu walisema ilibadilisha sheria ya nchi nzima. Basi tukae.

Binti anaitwa Saba. (Mswahili akisikia hilo jina anaanza kuhesabu, kwao ni upepo mwanana wa alfajiri.) Ni wa Gujranwala, mkoa wa Punjab, na wakati huo alikuwa hajafika miaka 20. Familia ilikuwa imemkubali kijana aitwaye Qaiser, kisha ikabadili nia kwa sababu kwao Qaiser ni maskini. Saba akaenda akafunga naye ndoa. Baba yake na mzee mwingine wa ukoo wakaja hadi kwa wakwe, wakaapa kwa Msahafu kwamba hawatamgusa, wakamchukua. Njiani wakampiga, wakamfyatulia risasi ya kichwa, wakamtia kwenye gunia na kumtupa majini. Aligeuza kichwa wakati wa risasi, kwa hiyo ikamchana shavu badala ya kumuua. Akajitoa kwenye gunia, akashika vichaka vya ukingoni, akatembea mpaka kwenye taa za kituo cha petroli.

Mwelekezi mwingine angetengeneza filamu nzima kuhusu usiku huo. Ningemwelewa, stori kama hiyo inajiuza. Obaid-Chinoy anaupitisha haraka, na kwangu huo ndio uamuzi bora zaidi katika kazi yote. Kinachomshughulisha ni wiki zinazofuata, wakati ambapo hakuna damu tena, kuna mazungumzo tu.

Nilisoma sheria mihula mitano kabla ya karo kunishinda, na nilichobaki nacho ni tabia mbaya ya kusoma hukumu usiku badala ya kulala. Kwa hiyo nivumilie kidogo. Ili uelewe kwa nini majeruhi mwenyewe ndiye aliyeshika ufunguo wa jela, lazima uijue sheria ambayo Pakistan iliianzisha 1990, ya qisas na diyat. Usiogope hayo maneno, yote mawili yamo kwenye kamusi yetu. Qasas, qisas, ndiyo kisasi. Diyat ndiyo dia, fidia ya damu. Kwa sheria hiyo, kuua na kujeruhi viligeuzwa kuwa kama deni kati ya mkosaji na aliyekosewa. Aliyejeruhiwa anaweza kusamehe, na kesi ikaisha. Kama amekufa, warithi wake wanasamehe kwa niaba yake, kwa pesa au bure. Ugomvi wa mashamba kati ya koo mbili huenda ukatulia kwa njia hiyo. Lakini ndani ya nyumba moja? Kaka anamuua dada, baba ambaye ni mrithi wa dada anamsamehe kaka, na jioni wote wanakula sahani moja. Aliyeamuru, aliyetekeleza na aliyesamehe wana jina moja la ukoo.

Tofauti ya Saba ni kwamba hakufa. Ndiyo maana filamu iliwezekana. Akiwa na mshono usoni anasema hasamehi, anataka waadhibiwe, na anaye wakili aliye tayari kwenda naye mpaka mwisho. Halafu wazee wa mtaa wanaanza kuja. Kaka yake Qaiser, ambaye ndiye mwenye mji, anaona hatari ya kuishi jirani na uhasama usioisha. Hakuna anayemtisha Saba kwa panga. Wanamwomba. Wanamwomba tena. Ukiwa Mkenya huhitaji maandishi ya chini ya skrini hapa, unajua wimbo huu: hawa ni watu wetu, tutazikana nao, yaishe. Saba anakwenda mahakamani na kusema amesamehe. Baadaye anaiambia kamera kwamba amesamehe kwa ajili ya watu, moyoni hajasamehe. Baba anatoka. Na baba, akiwa huru, anasema heshima yake mtaani imepanda, na kwamba mabinti wake wengine wameanza kuletewa posa.

Nilisimamisha filamu hapo. Posa! Nilikuwa nimedhani aibu ndiyo inayomsukuma, kumbe kuna soko. Risasi kwa binti mmoja imewapandisha bei wadogo zake. Hakuna hotuba ya mwanaharakati yeyote inayoweza kueleza uchumi wa jambo hili kama anavyoueleza yeye mwenyewe, bila kujua kwamba anaueleza.

Sasa neno lenyewe. Magazeti yetu yameshatafsiri: mauaji ya heshima. Silipendi, na si kwa sababu ya usafi wa lugha. Kwa Kiurdu wanasema mauaji kwa jina la ghairat. Hiyo ghairat imetoka kwenye Kiarabu, na ilipopanda jahazi kuja huku ikawa ghera, ikawa pia gere. Kumtia mtu ghera ni kumpa hamasa. Kumwonea mtu gere ni kumwonea wivu. Yaani neno ambalo Lahore linamfanya mwanamume avimbe kifua mahakamani, Mombasa unalitumia kumcheka jirani aliyenuna kwa sababu umenunua sofa mpya. Heshima kwetu ni kitu unachompa mtu mwingine. Unampa mzee kiti, unampa mgeni maji. Haikai ndani ya mwili wa binti kama amana ya ukoo inayolindwa na kaka zake. Ukisema mauaji ya heshima umemwachia muuaji achague jina la kosa lake. Hata sheria mpya ya Pakistan ilikuwa na akili ya kuweka neno kisingizio kwenye jina lake rasmi: makosa yanayotendwa kwa jina au kwa kisingizio cha heshima. Filamu haifanyi hivyo. Inalikubali neno kama lilivyo na kulirudia, na nadhani ni kwa sababu ilitengenezwa ikimwangalia pia mtazamaji wa Marekani ambaye tayari analo neno hilo kichwani, na picha yake kamili.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na sifa za filamu hii unapoanza. Si na filamu, na sifa zake.

Stori inayosimuliwa ni hii. Februari 2016, siku chache kabla ya Oscar, waziri mkuu Nawaz Sharif aliikaribisha filamu ofisini kwake, ikaonyeshwa, akaahidi kuziba mwanya wa msamaha. Oktoba 6 mwaka huohuo bunge la pamoja likapitisha sheria: anayeua kwa kisingizio cha heshima atafungwa maisha hata kama familia imemsamehe. Filamu, tuzo, sheria. Safi kama tangazo la sabuni.

Lakini mswada wa kuziba mwanya huo ulikuwa umeshaletwa na seneta Sughra Imam, na seneti iliupitisha Machi 2015, karibu mwaka mzima kabla ya mtu yeyote kuvaa gauni la Oscar. Ukafia njiani kwenye bunge la chini. Na nyuma ya mswada huo kuna miaka mingi zaidi. Februari 12, 1983, wanawake waliandamana Lahore kupinga sheria ya ushahidi iliyotaka kuupunguzia uzito ushahidi wa mwanamke, wakapigwa virungu na kurushiwa gesi. Aprili 1999, Samia Sarwar, mama wa watoto wawili aliyetaka talaka, alipigwa risasi akafa ndani ya ofisi ya mawakili Hina Jilani na Asma Jahangir mjini Lahore. Aliyemleta muuaji ofisini ni mama yake mzazi, ambaye alikuwa daktari. Baba alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara cha Peshawar. Kwa hiyo tafadhali tuache ile tabia ya kusema haya ni mambo ya vijijini, ya watu wasiosoma. Miezi michache baadaye lilipoletwa azimio la kulaani mauaji ya aina hiyo, seneti ya wakati huo ilikataa kulipitisha. Mawakili ndio walioishia kutishiwa maisha.

Hakuna kati ya hayo kwenye dakika 40, na silaumu, filamu ni ya Saba na imeshikamana naye. Ninachosema ni kwamba ukiitazama peke yake unabaki na hisia kwamba mwanamke mmoja alianguka mtoni, mwingine akaja na kamera, waziri mkuu akalia kidogo, nchi ikabadilika. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mahakama za Lahore kwa miaka 30 na mafaili yao wanakuwa hawapo.

Kuna jambo jingine lililotokea kati ya Oscar na sheria, na hilo halikupigwa picha na Obaid-Chinoy. Usiku wa Julai 15, 2016, mjini Multan, Qandeel Baloch alinyongwa na kaka yake.

Ukiwa ulikuwa mtandaoni siku hizo huenda unakumbuka. Msichana wa Punjab kusini, jina la kuzaliwa Fouzia Azeem, aliyejipiga video kitandani akilalamika kwa sauti ya kudeka, akiwauliza watu yeye anafananaje. Alikuwa amejaribu Pakistan Idol. Machi 2016 aliahidi kuvua nguo kama timu ya kriketi ya taifa ingemfunga India. Kwa lugha ya mtaa wetu, mtu wa kiki. Watu walimtukana mchana na kumtazama usiku. Mwezi wa Ramadhani akakutana hotelini na mufti mmoja maarufu wa runinga, Abdul Qavi, wakapiga selfi, yeye akiwa amevaa kofia ya mufti. Mufti akasimamishwa kwenye kamati ya kuandama kwa mwezi. Qandeel akaanza kupokea vitisho, vyombo vya habari vikaanika pasipoti yake na jina lake halisi, akaomba serikali impe ulinzi, hakupewa. Wiki chache baadaye alikuwa amekufa katika nyumba aliyowapangishia wazazi wake.

Kitabu cha Sanam Maher, The Sensational Life and Death of Qandeel Baloch, kilitoka 2018. Nilikisoma kwenye simu, kipande kikubwa ndani ya matatu ya Rongai, na nakisifu kwa kinyume kabisa cha sababu zinazonifanya niisifu filamu. Filamu inashika uso mmoja na haiuachii. Maher anatawanyika. Anamwacha Qandeel kwa kurasa nyingi na kwenda kukaa na watu waliomzunguka: wanahabari waliokimbilia kumfichua, Nighat Dad anayewatetea wanawake wanaosumbuliwa mitandaoni, afisa wa polisi wa kike aliyepewa upelelezi wa kesi. Mwanzoni inachosha. Unataka kurudi kwa dada mwenyewe. Halafu taratibu unaelewa kwamba kaka ndiye aliyekaba shingo lakini chumba kilikuwa kimejaa watu.

Na Maher hamsafishi marehemu. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mwanamke akishauawa, sisi tunaomtetea tunaanza mara moja kumpaka chokaa: alikuwa mcha Mungu, alikuwa mama mzuri, alikuwa na digrii, alikuwa anaelekea kazini. Kana kwamba kuna kiwango cha tabia ambacho ukikishuka basi unakufa kihalali. Qandeel wa Maher anadanganya kuhusu utoto wake. Anazusha stori kuhusu familia yenye pesa. Aliolewa mdogo, akamkimbia mume, akajificha kwenye makazi ya wanawake, akamwachia mume mtoto. Alifanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye basi. Anapenda pesa na anapenda kutazamwa. Na alikuwa analisha nyumba nzima, pamoja na kaka aliyemuua. Yote hayo yako pale pale, hakuna kinachofutwa ili kingine kiingie.

Kama unadhani kupamba marehemu ni kosa dogo, kuna kisa cha Norma Khouri. Mwaka 2003 alichapisha kitabu, Forbidden Love, kuhusu rafiki yake wa Amman, Dalia, aliyechomwa kisu na baba yake kwa kumpenda Mkristo. Waliendesha pamoja saluni ya wanaume na wanawake, anasema. Kiliuza nakala mamia ya maelfu, wasomaji wa Australia walilia, mwandishi akapanda majukwaa. Mwaka 2004 gazeti la Sydney Morning Herald likaonyesha kwamba Khouri alikuwa ameishi Chicago tangu akiwa mtoto mdogo. Dalia hakuwahi kuwepo. Kati ya waliosaidia kukifichua ni Rana Husseini, mwanahabari wa Jordan Times, mwanamke ambaye tangu 1994 alikuwa akienda mwenyewe kwenye nyumba za waliouawa, akiandika majina, umri, mtaa, na miezi michache ambayo muuaji alifungwa. Alianza na msichana wa miaka 16 aliyebakwa na kaka mmoja na kuuawa na kaka mwingine. Hebu fikiria kazi yake baada ya Khouri. Kila mbunge wa Amman aliyetaka kulinda vifungu vya kupunguza adhabu alikuwa amepewa zawadi: mnaona, wanatuzulia. Uongo wa Dalia uliwaibia wasichana ambao walikufa kweli.

Na kwa nini uongo huo uliuzika? Kwa sababu ulikuwa mtamu. Dalia alikuwa bikira, mrembo, mpole, mwenye mapenzi safi na mwanamume mpole. Marehemu bora wa kuuziwa mtu aliyekaa mbali. Qandeel asingeuzika hivyo. Ndiyo maana namwamini Maher zaidi kila anapoandika jambo linaloniudhi kuhusu Qandeel.

Turudi kwenye sheria, ndiyo iliyotuleta. Kifo cha Qandeel ndicho kilichousukuma ule mswada uliokwama, labda kuliko Oscar. Katika kesi yake serikali yenyewe ilisimama kama mlalamikaji ili familia isiweze kusamehe. Kaka alikuwa amekiri mbele ya wanahabari, tena kwa majivuno, kwamba aliua kwa sababu dada aliivunjia familia heshima. Wazazi mwanzoni walitaka aadhibiwe. Agosti 2019 waliiandikia mahakama kwamba wamewasamehe wanao, na mahakama ikakataa. Septemba 27, 2019, kifungo cha maisha. Kwa muda ilionekana filamu, kitabu, maandamano, vyote vimelipa.

Februari 2022 mahakama kuu ya Lahore, tawi la Multan, ikamwachilia. Mama alikuwa amemsamehe, na mahakama ikakataa kuutegemea ukiri wake. Ona mlango ulipokuwa: sheria ya 2016 inazuia msamaha kufuta adhabu pale tu mahakama inapokubali kwamba aliua kwa kisingizio cha heshima. Ukiuondoa ukiri, sababu ya kuua inayeyuka. Sababu ikiyeyuka, haya ni mauaji ya kawaida. Na mauaji ya kawaida, kwa ile sheria ya 1990, yanasameheka. Alikaa ndani chini ya miaka sita.

Ningependa Mkenya asisome hapa akitikisa kichwa kwa huruma ya mbali. Mwaka 2013 mahakama kuu hapa Nairobi ilikubali shtaka la mauaji lifutwe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana na kulipana ngamia na mbuzi. Upande wa mashtaka ndio ulioomba, na katiba yetu ikatajwa, pale inapohimiza njia mbadala za kusuluhisha migogoro. Kaskazini mashariki wanaita maslaha, na humo pia kesi za ubakaji huingia, wazee wakakaa, mifugo ikahesabiwa, msichana akiwa nyumbani anangoja aambiwe amesamehe. Kwingineko hatuna neno zuri kama hilo, tunasema tu kumalizana. Mauaji yetu hatuyaiti ya heshima. Tunayaita ya mapenzi, jambo ambalo sidhani ni afadhali. Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake walipojaa barabara za Nairobi na miji mingine baada ya mwezi ule mbaya, nusu ya watu kwenye simu yangu walikuwa wakiuliza marehemu walifuata nini kwenye nyumba za kukodi usiku. Hao wangemwelewa baba wa Saba bila mkalimani.

Takwimu za Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan kwa mwaka 2015, mwaka wa filamu, ni karibu wanawake 1,100 waliouawa kwa kisingizio hicho. Hao ni waliojulikana. Kwa idadi kama hiyo, kudai filamu ya dakika 40 iwaokoe ni kuionea, na kudai kwamba imewaokoa ni kujisifu. Ilichofanya ni kumnasa mwanamume mmoja akieleza bei. Hicho ni kikubwa. Ningeionyesha kwenye kila darasa la mwaka wa kwanza la sheria, kabla hawajafika kwenye somo la kusuluhisha migogoro.

Ila mwisho wake haunishiki. Saba ana mimba, anaongea kuhusu kesho, na ghafla filamu inakuwa laini, kama imekumbuka kwamba mtazamaji inabidi aende kulala. Nilitaka kurudishwa kwa wakili, ambaye mteja wake amesamehe kesi ikafa. Nilitaka zaidi kurudishwa kwa mama yake Saba. Yuko mle ndani, upande wa mumewe, na filamu inapita karibu naye kana kwamba yeye ni sehemu ya nyumba. Samia Sarwar aliletewa muuaji na mama. Kaka wa Qandeel alitolewa jela kwa neno la mama. Bila kumsikiliza huyu mtu kwa uvumilivu uleule aliopewa baba, nusu ya hesabu haipo.

Kuna tamthilia ya runinga kuhusu Qandeel, Baaghi, lakini ilirushwa 2017, kabla ya hukumu zote mbili. Kitabu cha Maher nacho kilifungwa mapema mno. Ninachosubiri ni mtu aende Multan na kamera, aanzie kwenye karatasi ile ya wazazi ya Agosti 2019, na amwulize mama aliitia sahihi akiwa amekaa wapi, nani alikuwa chumbani, na tangu binti afe kodi ya nyumba inalipwa na nani.